Mechi ya Mwisho ya Mablanketi

Siku mashine iliponiandikia kwamba Stephano anastaafu, nilikuwa peke yangu bandani, mlango nimeurudishia, chai yangu bado ya moto. Ilikuwa Jumanne asubuhi, saa mbili na nusu hivi. Nilikuwa nimetoka kushinda mabao mawili kwa moja, yote mawili ya Stephano, na nilikuwa najisikia mtu wa maana. Mara kioo kikawa cheusi, halafu yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza, na Kiingereza cha kiofisi mimi nakijua vizuri mno: mchezaji namba tisa ataacha mpira mwisho wa msimu. Chini yake palikuwa na sehemu moja tu ya kubonyeza. Ya kukubali. Ya kukataa haikuwepo.

Sikubonyeza. Niliweka pedi ya kuchezea chini, nikaenda kufungua mlango, nikaufunga tena. Moyo ulinienda mbio kama nimeitwa na meneja. Zilikuwa zimebaki mechi mbili, na zikiisha, jina la Stephano linafutika.

Najua kuna mtu atacheka hapo. Mzee mzima Athanas, baba wa watoto watatu, anaogopa gemu. Acheke kwanza, akimaliza nimweleze.

Banda langu liko Mwembesongo, nyuma ya mashine ya kusaga. Nina televisheni tatu na pleisitesheni tatu, na kuanzia saa nane mchana mpaka jioni vijana wanajaa, wawili wawili, wanatukanana kwa furaha. Mechi ya watu wawili inaisha hapohapo: ukifungwa unampa mwenzako pedi, unakwenda zako. Lakini mashine ina sehemu nyingine ambayo vijana wengi wa mjini hawana subira nayo. Wanaiita masta ligi. Unakuwa peke yako. Unachukua timu, unaianzisha daraja la pili, unaipanga, unasajili, wachezaji wanaumia, unawauguza, msimu unaisha unaanza mwingine, na yote yanatunzwa kwenye kadi ndogo inayoingia ndani ya kiganja. Ile kadi nikiondoka bandani naivaa shingoni ndani ya shati, pamoja na rozari. Mke wangu ameshasema siku nikifa hatajua azike kipi.

Utamu wake ndio huo, kwamba kitu kinakua. Mnaanza hamjui hata kupasiana, mnafungwa sita, mnapanda taratibu, na kila mchezaji unamjua pumzi zake zinaishia dakika ya ngapi. Hakuna rafiki pembeni anayekucheka. Na uchungu wake ni huohuo wa kuwa peke yako. Unachukua kombe, karatasi za rangi zinamwagika kwenye kioo, unageuka umkumbatie mtu, unakuta ukuta na kalenda ya duka la dawa za mifugo. Halafu kompyuta inaonea. Mkifika dakika ya themanini na nane inaamua tu kwamba sasa inafunga, mabeki wako wanaanza kukimbia kama wamefungwa miguu, na hata ufanye nini bao linaingia. Nimewahi kurusha kandambili kwenye televisheni yangu mwenyewe. Ukiomba kununua kipa wa maana, timu ya kompyuta inakujibu kana kwamba umeomba binti yao. Na umeme ukikatika kabla hujahifadhi, asubuhi yako yote imekwenda, na mechi uliyoshinda kwa jasho unairudia unafungwa.

Haya yote nilikuwa nimeyazoea. Kustaafu ndiko nilikokuwa sijakuzoea.

Timu yangu kwenye mashine inaitwa Mablanketi. Hilo ndilo lilikuwa jina la timu ya kiwanda chetu cha mablanketi, kabla serikali haijakiuza mwaka 1997. Mashine inakuruhusu kubadili majina kabla hujaanza, kwa hiyo niliwafuta wale Wazungu wake wote, nikakaa siku mbili naandika herufi moja moja kwa kidole gumba: golini Salehe wa lindo, beki ya kati Abasi wa bohari, na namba tisa Stephano wa kutia rangi, mguu wa kushoto. Kila mmoja nilimpa umri aliokuwa nao mwaka kiwanda kilipouzwa. Stephano nilimwandikia miaka thelathini na mbili. Ningemwandikia kumi na nane angecheza misimu kumi na saba. Lakini nilitaka kuwa mkweli, na ukishaanza ligi huwezi kurudi nyuma kubadili. Ukweli wangu wote niliupeleka kwenye gemu.

Kwa sababu Stephano mwenyewe, yule wa nyama na damu, sikuwa nimewahi kumwambia kweli.

Sisi ni Waluguru wote wawili, yeye wa Matombo na mimi wa upande wa juu wa Mgeta, na ukoo wake na wangu ni watani. Mtani wako anaweza kuingia kwako akachukua kuku, na wewe ukikasirika unaonekana mshamba. Anakutukana mbele ya mkweo. Akifiwa unakwenda kumfanyia vituko msibani, na ukifa wewe, yeye ndiye anayelala kwenye kaburi lako kwanza na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Mimi nilikuwa karani wa utumishi, karani pekee mwenye mashine ya taipu, na utani wangu nilikuwa naufanya kwa barua. Kwa miaka tisa nilimwandikia Stephano barua rasmi, karatasi yenye nembo ya kiwanda, na muhuri. Barua ya kumpandisha cheo awe msimamizi mkuu wa mende wa bohari. Barua ya kumshitaki kwa kosa la kuzaliwa na miguu ya bata. Ile iliyopendwa kuliko zote ilimpa uhamisho wa kwenda Kisaki kuhesabu tembo wanaokatiza reli, na mshahara wake angelipwa kwa mikia. Kila nikimletea, Stephano alikuwa anapanda juu ya pipa la rangi, anaisoma kwa sauti ya meneja, idara nzima inakaa chini kwa kucheka. Halafu anaikunja anaiweka mfukoni.

Mwaka ule wa 1997, Jumatatu moja, nilimpelekea barua ya kweli.

Nilikuwa nimeipiga taipu mwenyewe. Ilisema kiwanda kimepata mwenye mali mpya, wafanyakazi wote wataachishwa, ila wale wenye zaidi ya miaka kumi kazini wanaotaka kubaki wafike ofisi ya utumishi Alhamisi saa mbili asubuhi wakaandikishwa, kwani nafasi ni arobaini, na asiyefika atahesabiwa kuwa hataki. Barua hizo zilitolewa kwa siri, mkononi, wengine wasije wakafanya fujo. Pale kwenye kutia rangi ni Stephano peke yake aliyekuwa ametimiza miaka hiyo kumi. Nilimpa bahasha. Akanitazama, akatazama nembo, uso ukaanza kucheka kabla hajaifungua. Akapanda juu ya pipa.

Alisoma yote, kwa sauti ya meneja, mpaka tarehe. Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Mimi nilisimama mlangoni. Nilipaswa kusema neno moja tu. Badala yake nami nikacheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka na macho yao yalikuwa kwangu, na nikajiambia nitamwambia jioni.

Jioni nilikwenda kwake. Martina, mkewe, alinipa ndizi za kuchoma. Tulizungumza mpira. Nilikula ndizi, nikaaga.

Alhamisi nilikaa nyuma ya meza na daftari, naandika majina. Kutoka ofisini kwangu mpaka kutia rangi ni kuvuka uwanja tu. Nilikuwa namwona akipita na ndoo. Kila mlango ulipofunguka nilishtuka, na nitasema bila kuficha, sikujua kama ninaomba awe yeye au asiwe yeye, maana meneja alikuwa ameniambia kwamba makarani nao watafikiriwa kama itabaki nafasi. Saa sita mchana yalikuwa majina thelathini na tisa. Meneja akauliza nani wa arobaini. Nikaandika jina langu.

Ijumaa tangazo la wote likabandikwa getini, na Jumatatu Stephano alifika na chakula chake cha mchana kwenye kikopo, akidhani kwa miaka yake kumi na mitatu lazima kutakuwa na utaratibu wake. Salehe wa lindo ndiye aliyemzuia. Stephano aliponiita nilitoka nikamwambia kwamba bahasha nilipewa ikiwa imefungwa, kwamba hata mimi sikujua kilichomo. Alinitazama kidogo akasema, "Haya, mtani." Wiki ileile akahamia Matombo na familia yake, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Mwenye mali mpya hakudumu miaka miwili, akageuza kiwanda kuwa ghala la mbolea, nasi arobaini tukafuata wenzetu. Kwa hiyo nafasi niliyoiba haikunifikisha popote. Ningependa hilo linifariji, lakini halijawahi.

Hiyo ndiyo sababu ya Mablanketi. Nilimrudisha Stephano kazini kwa namna niliyoiweza, nikampa namba tisa, na katika misimu mitatu alikuwa amefunga mabao sabini na moja.

Salehe ndiye aliyeeneza habari. Siku hizi analinda duka la vifaa vya ujenzi usiku, na asubuhi kabla ya kwenda kulala anapita bandani kujitazama akidaka. Akidaka vizuri anapiga makofi, akifungwa ananilaumu mimi kwa kubonyeza vibaya. Habari zikapanda mlimani mpaka Matombo, na tangu hapo kila Jumamosi Martina, akishateremka sokoni na ndizi zake na karafuu, alikuwa anapita mlangoni kwangu. Hakuwa anaingia. Anasimama na kikapu kichwani, tunasalimiana, halafu anasema mtani wako anauliza wamechezaje wiki hii. Namwambia. Anauliza tena, kuna jingine la kumwambia? Namwambia mwambie ale ashibe, mtu namba tisa hatakiwi kuwa mwembamba. Anaondoka.

Kwa mwaka mmoja uliopita alikuwa akiongeza kwamba kifua cha mumewe hakijapoa. Hospitali walikwenda, dawa zilikuwepo, ila alikuwa hawezi tena kupanda shambani. Mimi nikawa nahakikisha Mablanketi wanashinda.

Sasa ndiyo ile Jumanne, na maandishi meupe. Nilikaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Ningemwambiaje? Nikimwambia umestaafu, atacheka, atasema mtani ameanza barua zake. Na asipocheka je? Akikumbuka ile nyingine? Nilijiona nimesimama tena mlangoni pa kutia rangi na bahasha mkononi. Mwishowe nilibonyeza, kwa sababu bila kubonyeza mashine haiendi popote, na saa nane ya vijana kuanza kugonga ilikuwa imekaribia.

Jumamosi ile Martina alipouliza, nilisema Stephano yuko vizuri, anafunga tu.

Mechi ya kabla ya mwisho niliicheza wiki iliyofuata, Salehe yuko pembeni na sare yake ya ulinzi. Tulishinda moja bila. Tukawa sawa kwa pointi na timu moja ya Kitaliano, na ratiba ya kompyuta, kwa roho yake mbaya, ikatupangia hao hao siku ya mwisho. Tukishinda, Mablanketi ni mabingwa wa daraja la kwanza, jambo ambalo kiwanda hakikuwahi kulipata tangu kijengwe. Salehe alisimama. Aliniambia nianze sasa hivi, usingizi anaweza kulala kesho.

Nikasema pedi ina hitilafu.

Kesho yake nikasema umeme haueleweki, nisije nikapoteza. Siku ya tatu nikasema macho yananiuma. Salehe si mjinga. Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayezungukazunguka duka baada ya saa za kazi, akauliza, "Wewe Athanas unaogopa nini humo ndani?" Nikamjibu kwamba naogopa Wataliano. Ukweli ni kwamba mechi ile isipochezwa msimu hauishi, na msimu usipoisha hakuna anayestaafu. Stephano angebaki namba tisa mpaka kadi ioze. Nilianza kuamka na wazo hilo na kulala nalo. Mara kadi inazidi kuwa nzito shingoni, mara nahisi haipo, nashika kifua katikati ya barabara kama mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Chakula kikawa hakipiti. Mke wangu akaniuliza kama nina mwanamke mwingine, na nilivyokuwa nimechoka nilitamani iwe hivyo.

Jumamosi Martina alikuja mapema, kikapu kitupu. Nilishangaa, maana ilikuwa bado saa tatu na asingeweza kuwa ameuza. Alisimama palepale mlangoni.

"Shemeji, mtani wako amenituma neno," alisema. "Amesema umalizie msimu. Uhamisho wake wa Kisaki umefika. Anakwenda kuhesabu tembo."

Nilicheka. Mungu ananiona, nilicheka kwa sauti, kwa furaha kabisa, kwa sababu miaka minane ilikuwa imepita bila yeye kuzitaja barua zangu, na nilidhani sasa amezitaja, basi amesamehe, tumerudi kuwa watani. Nikamwambia Martina amwambie Kisaki nafasi zimejaa, mikia imekwisha, abaki hukohuko na miguu yake ya bata.

Martina hakucheka. Kikapu alikuwa amekishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Hakuna jingine la kumwambia?"

Neno lilikuwa hapa, kooni. Nilikuwa naliona kabisa. Nikasema mwambie Jumamosi ijayo nakuja mwenyewe, nina mazungumzo naye. Na nilikuwa namaanisha. Akasema Jumamosi ni mbali. Nikasema banda siwezi kuliacha katikati ya wiki. Akaitikia, akageuka, na nilimtazama akipita nyuma ya mashine ya kusaga, unga umeshamtia weupe mabegani.

Wiki ile ndiyo niliyokuwa mtu kuliko wakati wowote. Nilijizoeza. Nikiwa peke yangu bandani nilikuwa nasema kwa sauti: Stephano, bahasha haikuwa imefungwa, niliipiga taipu mwenyewe. Nikajaribu kuisema bila kutabasamu, kwa sababu nikimwona yule mtu uso wangu hutabasamu wenyewe, umezoea. Nikajaribu kuisema nimeangalia chini. Nikajaribu kuanza na salamu ndefu. Mechi nilipanga nitaicheza Ijumaa, nishinde nishindwe, nimpelekee habari zote mbili kwa pamoja, ya gemu na ya kweli.

Jumatano alfajiri Salehe alinigongea nyumbani akiwa hajavua sare. Dereva wa gari la Matombo alikuwa amempa salamu barabarani. Stephano amefariki jana, maziko ni leo alasiri.

Sikulia. Nilisema, kwani amekwenda Kisaki? Salehe akadhani akili imeniruka. Nilikuwa nimeelewa wakati huohuo, nimesimama mlangoni na kanga ya mke wangu kiunoni, kwamba yule mtu alinitumia barua ya kweli kwa maneno ya utani, na mimi nikapanda juu ya pipa nikacheka.

Tulifika Matombo saa saba. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya migombani inateleza, kengele ya misheni inagongwa taratibu. Wajomba zake walinipokea kama mtani anavyopokelewa, yaani kwa kunisukuma. Walikuwa wananingojea. Mimi nilifika nimeinamisha kichwa kama mfiwa, na hilo likawafurahisha zaidi, wakadhani nimeanza kazi. Ajuza mmoja aliniambia nimechelewa kuja kula wali wa marehemu. Nilitaka kumwambia niache mama, leo siwezi. Lakini mtani hana ruhusa ya kutoweza.

Kaburi lilikuwa limechimbwa pembeni ya shamba la karafuu, udongo mwekundu umerundikwa. Katekista alipomaliza sala, wajomba wakaangalia kwangu. Nikavua viatu nikashuka ndani, nikalala chali. Udongo ulikuwa wa baridi na maji yaliniingia mgongoni. Juu niliona kipande cha mbingu na nyuso za watu zimezunguka, tayari zinatabasamu, zinanisubiri niseme.

Nikasema sitoki.

Wakacheka. Mmoja akarusha sarafu, ikanigonga tumboni. Nikasema sitoki mpaka nimwambie mwenye nyumba neno lake. Kisha nikasema: "Stephano, bahasha haikuwa imefungwa. Barua niliipiga taipu mwenyewe. Nilijua ni ya kweli ulipokuwa unaisoma, nikacheka. Alhamisi nilikuona na ndoo, sikukuita, nikaandika jina langu."

Kicheko kilichotokea sijawahi kukisikia. Walikuwa wanazijua barua zangu wote, Stephano amewasomea miaka na miaka, hii wakaiona ndiyo kubwa kuliko zote. Wajomba walishikana mabega. Katekista aligeukia migombani, mabega yanamcheza. Nikarudia, nikapaza sauti, nikasema ni kweli jamani, nasema kweli, na machozi yalikuwa yananitiririka masikioni. Wakazidi. Mmoja akasema mtani huyu analia kuliko mjane, apewe kuku wawili. Salehe peke yake kati ya wanaume wale aliacha kucheka, taratibu, kama mtu anayekumbuka geti na kikopo cha chakula, akarudi nyuma nisimwone.

Ndipo nyuso zikapishana, Martina akapita. Mjane haruhusiwi kusogea vile, lakini hakuna aliyemzuia. Alipiga magoti ukingoni, akanishushia kitu kilichofungwa kwa kipande cha blanketi la kijivu, la kiwandani kwetu. Nilijua kabla ya kufungua. Zilikuwa barua, zimekunjwa mara nne kila moja, kama alivyokuwa anakunja. Mende, miguu ya bata, Kisaki. Na ile.

Martina aliongea chini, watu wakidhani ananibembeleza nitoke.

"Alijua siku ileile ya getini, shemeji. Kiwanda kizima, nani mwingine alikuwa anapiga taipu? Alisema utakuja kumwambia. Kila Jumamosi nikirudi alikuwa anauliza kwanza, amesema? Wewe ulidhani nilikuwa nakuja kuuliza mpira."

Akanyoosha mkono. Niliushika, wajomba wakanivuta kwa mabega, nikatoka nimelowa matope mgongo mzima. Kadi ilikuwa bado shingoni, na mechi ndani yake. Barua nilizikumbatia kifuani, na watu walinipisha njia huku bado wanacheka.